Mdomo ni Mlango wa Tumbo: Maneno Niliyosema Moshi Kuhusu Rangi za Mdomo za Kutengeneza Nyumbani

Jumamosi iliyopita nilizungumza na akina mama wa vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, kwenye ukumbi mdogo jirani na soko la Mbuyuni hapa Moshi. Mvua ilikuwa kubwa, na wenzetu wa Kibosho na Old Moshi hawakuweza kushuka. Wameomba maneno yale yaandikwe. Haya hapa, kama nilivyoyasema.

Mama mwenyekiti, mama zangu mlioketi mbele, shikamooni. Dada zangu na wifi zangu, habari za asubuhi. Wadogo zangu mliosimama kule mlangoni, marahaba, na tafadhali ingieni, mikeka ipo.

Kabla sijafungua kikapu hiki, naomba kila aliyepaka rangi mdomoni asubuhi ya leo anyooshe mkono. Naona mikono mingi. Asanteni. Sasa niwaulize. Mlipaka kabla ya chai, sivyo? Rangi ile iko wapi saa hizi? Kidogo imebaki kwenye kikombe. Kidogo imebaki kwenye leso. Na nyingine yote? Mmeimeza, mama zangu. Mmeimeza na chai, mmeimeza na maandazi, na nyingine mmeilamba wenyewe hapa hapa mkiwa mnanisubiri.

Mdomo ni mlango wa tumbo. Mafuta ya miguu yanakaa miguuni. Rangi ya kucha inakaa kwenye kucha. Rangi ya mdomo inaliwa. Nikiwaambia neno moja tu leo kisha mvua ikatutawanya, basi iwe hilo: unapotengeneza rangi ya mdomo unapika, na unayempikia ataila.

Najua wengi mmekuja kwa sababu mmesikia kwamba za dukani zina madini ya risasi. Ni kweli yamewahi kukutwa. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipima rangi za mdomo 400 zilizokuwa zikiuzwa kwao. Wastani ulikuwa sehemu 1.11 za risasi katika kila milioni, na iliyoongoza ilikuwa na 7.19. Baadaye mamlaka hiyo ikashauri isizidi 10. Siwatajii namba hizi kuwatisha, maana mkiziangalia vizuri mtaona hata ile iliyoongoza haikufika hapo. Nawatajia kwa sababu nyingine. Zile 400 zilipimwa. Je, ile unayoipika wewe jikoni kwako, ukaiita ya asili, ukampaka mwanao siku ya kipaimara, imepimwa na nani?

Imepimwa na wewe. Hakuna mwingine. Ndiyo maana nataka tuzungumze kwa kina.

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifundisha. Mdogo wangu alikuwa anafanyiwa sendofu, nami nikajitolea kuwatengenezea yeye na wasimamizi wake rangi ya mdomo ya bitiruti. Nilikuna bitiruti mbili kubwa, nikazikamua kwenye kitambaa, nikachemsha ile juisi mpaka ikawa nzito. Nikayeyusha nta na mafuta ya nazi, nikamimina juisi, nikakoroga kwa nguvu. Mama zangu, ilipendeza! Waridi ya kung'aa. Nikaijaza kwenye vikebe saba, nikalala nimefurahi.

Asubuhi nikafungua kikebe kimoja dirishani, nikakitazama kwa karibu. Nta ilikuwa imerudia rangi yake ya manjano hafifu, na ndani yake kulikuwa na vitone vyekundu vimekaa peke yake peke yake, kama jasho juu ya pua. Nikapaka. Kwanza ukaja mstari wa mafuta matupu usio na rangi yoyote, halafu kitone kikapasuka, na maji mekundu yakachirizika mpaka kidevuni. Wasimamizi wakaenda ukumbini na rangi za kuazima. Kikebe kimoja kilibaki kabatini. Siku ya kumi na mbili nilikifungua nikakuta ukungu wa kijani umezunguka ukingoni.

Kosa lilikuwa wapi? Nani kati yenu hajawahi kudondosha maji kwenye mafuta ya moto ya kukaangia? Mnajua yanavyogombana. Rangi ya bitiruti huyeyuka kwenye maji. Nta na mafuta havishiki maji. Ukikoroga vikiwa vya moto vinakudanganya kwamba vimepatana, na vikipoa kila kimoja kinarudi kwao. Choya ni hivyo hivyo. Komamanga ni hivyo hivyo. Ua lolote linalotoa rangi nzuri kwenye chai, ujue rangi yake ni ya maji. Unga mkavu wa bitiruti nao hauyeyuki kwenye mafuta, unakaa kama mchanga laini, na mate yakiugusa tu unakimbia.

La pili ni zito kuliko rangi. Palipo na maji, ukungu na bakteria wanapata pa kuishi. Mtu ataniambia, "Dada, mimi naweka vitamini E." Weka, ni nzuri, lakini elewa kazi yake. Vitamini E huchelewesha mafuta kuchacha. Haiui ukungu. Haiui bakteria. Ukitengeneza nyumbani, kinga yako ni moja: maji yasiingie. Wala juisi, wala asali, wala kijiko kilichooshwa kikafutwa haraka haraka kwa kanga.

Sasa mtaniuliza, kama si bitiruti, tutumie nini? Hapa niwarudishe kwa bibi yangu mzaa mama, mtu wa Pangani. Uani kwake ulikuwapo mti wenye matunda ya manyoya manyoya, ukiyaona kwa mbali utasema shokishoki. Likikauka unalipasua, na ndani mna mbegu ndogo zenye vumbi jekundu. Tukiwa watoto tulizisugua vidoleni, tukapaka midomo, tukajifanya maharusi. Ndio mzingefuri. Waliokwenda Zanzibar kwenye mashamba ya viungo wameuona, wageni huwa wanapakwa pale pale.

Rangi ya zingefuri iko kwenye gamba la mbegu, na hukubali mafuta. Hiyo ndiyo sifa tunayoitafuta. Ninachukua mbegu kavu gramu 20, naziweka kwenye mafuta gramu 60, kwenye chupa safi, na chupa naisimamisha ndani ya sufuria ya maji ya moto yasiyotokota. Nusu saa. Halafu nazima moto, naacha mpaka kesho, nachuja kwa kitambaa kikavu. Mafuta yanatoka mekundu ya chungwa, ukiyaona utasema mawese ya Kigoma. Usizikaange. Moto mkali unaua wekundu, unabaki na manjano yenye harufu ya kuungua.

Na hapa niseme ukweli ambao wengi wanaouza mafunzo haya hawausemi. Zingefuri peke yake ni rangi nyepesi. Mwenye midomo myeupe itaonekana chungwa nzuri. Kwenye midomo yetu, iliyojaaliwa weusi na zambarau yake, itatoa mng'ao wa joto tu, kama mtu aliyetoka kula embe. Mimi naupenda mng'ao huo kwa siku za kawaida. Lakini ukitaka nyekundu ya kuonekana kwenye picha ya harusi, unahitaji unga unaofunika, na unga huo ni oksidi ya chuma. Ni kutu, kwa lugha yetu, ila ni kutu iliyotengenezwa kiwandani kwa ajili ya vipodozi.

Nasikia minong'ono. "Kiwandani? Si ulisema asili?"

Ndiyo maana nimesimama hapa, mama zangu. Neno asili tumelifanya kama cheti. Tukilisikia tunafunga macho. Wenzetu Wamaasai wana olkaria, udongo mwekundu unaochanganywa na mafuta na kupakwa mwilini, na hakuna asiyejua unavyopendeza. Udongo ule wekundu wake ni oksidi ya chuma ile ile. Basi kwa nini tusichimbe wenyewe? Kwa sababu ardhi haichagui. Penye chuma panaweza kuwa na risasi, panaweza kuwa na aseniki. Sheria ya Marekani inataka oksidi ya chuma ya vipodozi iwe ya kutengenezwa, isiwe ya kuchimbwa, na uchafu wa risasi, aseniki na zebaki uwe chini ya kiwango. Hapa kiwanda ndicho kisafi, na udongo wa mlimani ndio wa kuogopa. Na neno lenyewe zingefuri, wengine husema zinjifuri, kabla ya kuwa jina la mti wa bibi, lilikuwa jina la jiwe jekundu la rangi, na jiwe lile ni zebaki na salfa. Jiwe lile nalo ni la asili.

Bibi yangu huyo huyo alikuwa na rangi nyingine ya mdomo. Mlioishi pwani mnaijua: tambuu. Jani la mtambuu, popoo ile kokwa ngumu ya kutafuna, chokaa kidogo, katu. Akitafuna, midomo inakuwa myekundu kuliko lipstiki yoyote, na hakuna harusi aliyokwenda bila kijaluba chake. Bibi hakuugua saratani, simsingizii. Lakini mwaka 2004 taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani iliiweka popoo kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Na popoo inaota mtini, haikutoka kiwandani.

Tuje hapa hapa Moshi. Mnyonyo unaota kwenye kila uzio. Mafuta ya nyonyo ni rafiki mkubwa wa rangi ya mdomo, ni mazito, yanashika unga wa rangi, yanatoa ule mng'ao wa unyevu. Mama mmoja wa kikundi chetu, mwenye bidii kuliko sisi sote, akaona kununua ni hasara wakati mbegu zipo uani. Akakusanya, akaanza kutwanga kwenye kinu cha nyumbani. Kinu cha kutwangia karanga za wajukuu! Tulimkuta mjukuu amekaa pembeni anachezea mbegu, zile mbegu nzuri zenye madoadoa. Mama zangu, mbegu za nyonyo zina sumu kali iitwayo risini. Kuzitafuna kunaweza kuua mtoto. Mafuta yaliyokamuliwa na kusafishwa vizuri hayana shida, kwa sababu risini haiyeyuki kwenye mafuta, inabaki kwenye mashudu. Lakini hiyo si kazi ya kinu cha jikoni. Kinu kile tulikichoma moto. Nyonyo nunueni.

Mafuta ya mdalasini nayo nayasema kwa uchungu. Kuna wanaofundisha kuweka matone ili mdomo uvimbe kidogo, upendeze. Mdomo unavimba kwa sababu unaungua. Mtoto wa kaka yangu alikaa siku nne anakunywa uji kwa mrija. Ndimu na limau pia acheni, ngozi yenye ndimu ikipigwa na jua inaweza kuungua na kuacha weusi.

Kwa dada zangu ambao mnachagua mnachokula kwa sababu ya dini au mfungo: rangi nyekundu iitwayo karmini inatokana na wadudu wanaoishi kwenye dungusi kakati huko Peru na Mexico. Kwenye maandishi ya dukani huandikwa kwa namba, CI 75470. Wengine haiwasumbui. Wengine wangependa kujua.

Sasa mizani. Nani alileta kijiko leo? Rudisheni kwenye mikoba. Kijiko kimoja cha nta iliyokunwa na kijiko kimoja cha nta ya vipande havilingani hata kidogo. Nunua mizani ndogo ya kupima sehemu ya kumi ya gramu. Bila mizani leo utatoa nzuri, kesho hutajua uliitoaje.

Nilijifunza hili kwa hasara. Mteja wa Arusha aliagiza lipstiki 30. Mwezi wa pili, jua la Moshi mnalijua. Nikazipakia kwenye Noah, boksi likakaa mbele karibu na kioo. Kilomita 80 tu hizo. Alipofungua boksi alinipigia simu, akaniambia kwa upole, "Dada, umeniletea mchuzi." Nilirudisha pesa yote.

Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzijoto kama 24. Hiyo kwa Moshi ni hewa tu ya asubuhi! Siagi ya kakao huyeyuka kati ya 34 na 38, yaani karibu na joto la mwili, ndiyo maana inateleza vizuri mdomoni. Nta ya nyuki inasubiri mpaka 62 au zaidi. Kwa hiyo nta ndiyo nguzo ya nyumba. Mimi nilikuwa nimejenga kwa mafuta ya nazi nusu nzima. Nikaongeza nta, nikapunguza nazi. Halafu mwezi wa saba mteja yule yule akaniambia sasa zinakwaruza mdomo, kwa sababu Arusha iko mita 1,400 juu na baridi yake ya mwezi wa saba si ya mchezo. Basi nina vipimo viwili, cha joto na cha baridi.

Cha joto ni hiki, andikeni. Nta gramu 5. Siagi ya kakao gramu 4. Mafuta ya nyonyo gramu 8. Mafuta yaliyolowekwa zingefuri gramu 3. Jumla 20, zinajaa tyubu nne. Ukitaka ifunike, toa gramu moja na nusu ya nyonyo, weka gramu moja na nusu ya unga wa oksidi ya chuma, na unga huo usage kwanza na nyonyo juu ya sahani kwa mgongo wa kijiko, taratibu, mpaka usisikie chembe kati ya vidole. Hatua hii watu huiruka. Ukiiruka utaona nukta nukta mdomoni. Cha baridi, toa gramu moja ya nta, ongeza moja ya nyonyo.

Bakuli likae juu ya sufuria ya maji ya moto, lisikae motoni lenyewe. Nta kwanza, halafu kakao, halafu mafuta, rangi mwisho. Kabla ya kujaza, weka kijiko kwenye friji, kitoe, kifute kikauke kabisa, dondoshea tone moja. Likishika, lipake mdomoni. Laini mno? Rudisha chembe ya nta. Gumu mno? Tone la nyonyo. Kijiko kile kitakuokolea pesa kuliko mtu yeyote.

Na nta yenyewe? Ukinunua kwa warina asali inakuja nyeusi, ina masalia ya masega, wakati mwingine na mabawa ya nyuki. Iyeyushe kwenye maji mengi, ichuje kwa kitambaa, iache usiku kucha. Asubuhi utakuta sahani ya nta inaelea, na chini yake imejipaka tope la kahawia. Likwangue kwa kisu. Rudia mara mbili, tatu, mpaka chini pawe safi. Kisha ikaushe siku mbili, uiyeyushe tena bila maji, maana maji hujificha ndani yake, na tumeshasema habari ya maji. Nta nzuri inanuka asali. Ikinuka moshi au haina harufu kabisa, muulize aliyekuuzia.

Kuhusu kuuza nitasema kwa ufupi, mama mwenyekiti ananionyesha saa. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango. Anzeni SIDO, shirika la viwanda vidogo, wana ofisi hapa Moshi na Arusha, watawaelekeza njia. Kwenye kila tyubu andikeni kila kilichomo na tarehe mliyotengeneza. Mwenye mzio wa nta au wa nazi ana haki ya kujua kabla hajapaka. Na mteja mpya apake kidogo ndani ya mkono, asubiri mpaka kesho.

Na ile tabia ya kwenye kicheni pati, tyubu moja inazunguka kwa bibi harusi, kwa wifi, kwa mama mkwe! Virusi vya yale malengelenge ya mdomo husafiri hivyo hivyo. Mnaopamba maharusi, kwangueni kidogo kwa kijiti kisafi, kila mtu na kijiti chake.

Maji yameshapata moto pale nyuma, na nta nimeikuna jana. Meza ya kwanza waanze mama zangu wa mstari wa mbele, kisha wengine kwa zamu. Vueni pete na bangili. Sabuni iko mlangoni, spiriti ya vyombo iko mezani, na taulo nimeleta kumi na mbili. Osheni mikono, kausheni kabisa, hata katikati ya vidole. Mwenye tone la maji mkononi asisogelee bakuli langu.